Pindo

Mwatum alimaliza kushona, akakata uzi kwa meno, akamkabidhi shangazi yake sanda aliyomwagiza amkatie. Bi Mwanamize, aliyekuwa ameketi mkekani kando ya chetezo cha udi, aliipapasa ukingoni kwa vidole, maana macho yalishamtupa mkono.

"Umeipinda?"

"Mkono umezoea, shangazi. Nimeona itafumuka."

Bi Mwanamize alicheka mpaka akakohoa. "Fundi mzima wewe! Sanda haipindwi, mwanangu. Pindo ni la nguo itakayofuliwa."

Mwatum alichukua wembe akaanza kufumua, na shangazi akashika upande wa pili ili kitambaa kisilegee. Walifanya hivyo kama watu wanaochambua mchicha.

Walipomaliza, Mwatum aliinua kitambaa cheupe cha bafta kilichosalia kwenye jora. "Na hii?"

"Hiyo sanda yako. Kaiweke."

Alitaka kusema kwamba wakati wake bado haujafika. Badala yake alisimama, akaipima mwilini mwake kama anavyopima kitambaa cha mteja yeyote, kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu. Ilimfika, ikaburuzika sakafuni. Akanyoosha mkono kuchukua mkasi.

"Imezidi, shangazi."

"Iache izidi. Kichwani na miguuni watafungia wapi?"

Mwatum aliurudisha mkasi mezani, akabaki amesimama na ile bafta kifuani. Nyuzi za pindo alilofumua zilikuwa zimemganda gauni zima, nyeupe, wala hakuzipangusa.