Glasi ya Wakio

Tangu kila chama cha siasa kipewe maabara yake ya kupima maji, Mkawasi, mkemia, alikuwa akirudi nyumbani hoi, hata kuvua viatu ilikuwa kazi. Leo alikuwa ametia sahihi kwamba maji ya bomba ni salama, kama chama chake kilivyotaka, bila kuyapima. Mumewe Mghanga, mkemia wa chama pinzani, alikuwa ametia sahihi kwamba yana sumu.

Binti yao Wakio akaomba maji. Mkawasi akashika glasi, akasita.

"Baba Wakio, siasa tuziache nje. Mlipoyapima, mlikuta nini hasa?"

Mghanga akajikuna kisogo. "Kupima? Mama Wakio, si tulijua mtapima nyie?"

Wakatazamana. Huko jikoni Wakio, aliyechoka kusubiri, alikuwa ameinamia bomba, anakunywa.