Prosesa Mbili za Mbaraka

Tangu apatwe na kiharusi, kichwa cha Mbaraka kilihitaji prosesa, kifaa cha kompyuta cha kufikiri badala ya ubongo ulioharibika, na sheria ilimtaka mkewe, Sihaba, achague moja kati ya mbili. Ikishafungwa moja kwa moja baada ya majaribio, haifunguliwi tena.

"Hii ya michezo ina kasi na utundu, ila inapata moto," fundi Shemdoe alimweleza. "Hii ya kazi haichoki wala haina papara. Mjaribishe zote mbili, mama, halafu uniambie."

Kwa ile ya michezo, Mbaraka alirudi kuwa yule yule. Walicheza karata barazani, akaficha ree ya kopa chini ya paja kama zamani, na alipomkamata, Sihaba alicheka mpaka machozi yakamtoka. Lakini kazini hakwenda. Uji uliungua mbele ya macho yake, na Zena, binti yao, alilia njaa ubavuni pake asimsikie.

Sihaba akachagua ya kazi. Angefanyaje, na mtoto ale nini?

Sasa nyumba inang'aa. Mbaraka huamka, huteka maji, huenda kazini, hurudi. Jioni moja Sihaba aligawa karata, akaificha ree ya kopa chini ya paja lake mwenyewe, akingoja kuitwa mwizi.

Mbaraka alizikusanya zote, akazifuta vumbi, akazipanga ndani ya boksi lake.

"Moja haipo, Mama Zena," alisema kwa upole. "Kesho nitaleta pakiti nyingine."

Sihaba hakuinua paja.