Pasaka Bila Mkono wa Mfalme

Mathurine alimfunga mjukuu wake kitambaa shingoni upya, matezi yaliyovimba yasionekane, ingawa uani pale karibu kila mtu alikuwa na yake. Wagonjwa walikuwa wamepiga magoti juu ya mawe ya Versailles, wakimngoja mfalme atoke kanisani awaguse. Mfalme akikugusa unapona. Ufaransa nzima iliamini hivyo. Mganga wa kijijini kwao alikwisha kukata tamaa, na huo mkono ndio uliobaki.

Mlango ukafunguka. Hakutoka mfalme. Alitoka ofisa mmoja mwenye fimbo, akasema huku akitazama viatu vyake kwamba Pasaka hii mfalme hatagusa mtu, kwa hiyo warudi makwao.

Minong'ono ikazagaa. Mfalme hawezi kugusa wagonjwa kabla hajaungama na kupokea komunyo, na kasisi alikuwa amegoma kumwondolea dhambi mpaka amfukuze yule kimada wake. Basi mfalme kachagua kimada.

"Sisi tunaoza shingo, mwenzetu huyo kimada anagaagaa kwenye hariri," alisema Guillemette, muuza samaki wa Dieppe, aliyemleta mumewe. "Na huyo aliyemzaa sijui anapitaje mbele za watu. Mimi ningekuwa nimeshajitupa kisimani."

Watu wakacheka, cheko la wenye hasira. Mathurine akajifunika shali mpaka puani. Aibu ilimchoma hadi masikioni, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Guillemette akamwona, akalainika. "Usione haya, mama. Matezi ya mtoto si kosa lako. Hapa sote ni walewale."

Mathurine akaitikia kwa kichwa tu. Mjukuu wake, Jacquette, akamvuta sketi.

"Bibi, nimeshapona?"

"Bado, mwanangu."

Wengine walipokuwa wakielekea lango kuu, wakilaani njia nzima, Mathurine alimbeba mtoto mgongoni akazunguka nyuma ya jumba, hadi mlango wa vyumba vya yule kimada. Askari akamzuia kwa mkuki. Akamwambia kwamba Madamu hapokei ombaomba, na kama amekuja kumtukana, wenzake wameshamaliza matusi yote.

Mathurine alitazama chini, shali bado usoni.

"Kamwambie kwamba mama yake amekuja," alisema. "Nimemletea mwanawe. Hakuguswa."