Aliyekaa kwenye kiti cha papa

Rosine, mpiga picha, alipotazama picha kwenye kamera, aliona kitu cheusi chenye mabega ya mviringo kimekaa kwenye kiti kitupu.

Ilikuwa picha ya ubatizo. Nje mvua ilinyesha, umeme ulikuwa umekatika, na familia nzima ilisongamana sebuleni. Mbele katikati waliweka kiti cha papa yao, baba wa nyumba hiyo, aliyezikwa kabla ya kumwona mjukuu aliyebatizwa siku hiyo. Mjane wake alikaa kando, amempakata mtoto.

Rosine alifuta lenzi yake mpya, ile inayoingiza chumba kizima, akapiga tena. Flashi ya kamera ikawaka. Kile kitu kilikuwa palepale.

“Onyesha nione,” mjane akasema.

Alishika kamera kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho.

“Ni yeye,” akasema. “Angalieni mabega.”

Binti yake akafanya ishara ya msalaba. Mwingine akauliza kama wamwite padiri. Rosine hakujua aangalie wapi, kwenye kiti au kwenye kamera.

Ndipo kidole chake kilipogusa pete ya plastiki iliyochomoza mbele ya lenzi, chini kabisa ya flashi. Pete hiyo ndiyo iliyokinga mwanga wa flashi na kutupa kivuli kwenye kiti! Akaizungusha, akaitoa, akapiga mara nyingine.

Picha ikatoka safi. Nyuso zote zilionekana, na mbao za kile kiti ziling'aa.

Akampa mjane kamera, akitabasamu.

Mjane alitazama picha, akatazama kiti, kisha akamtazama Rosine.

“Mutoto yangu,” akauliza polepole, “umemupeleka papa wapi?”