Maji ya Kukanda

Jirani yao Tabu amewatangazia watu bombani kwamba Mwanakheri alimuunguza mumewe makusudi. Kumbe alipokuwa akimkanda mguu, Shomari mwenyewe ndiye aliyesema, "Ongeza ya moto, mama Siwema, haya ni baridi," naye akaongeza. Watoto sita amewaogesha, na kila mara alitia kiwiko majini kwanza. Kwa mtu mzima hakutia.

"Mishipa ya fahamu hupokezana habari kutoka mguuni mpaka kwenye ubongo," muuguzi alimweleza akifunga bendeji. "Yake imeharibiwa na sukari. Habari haifiki."

Mwanakheri aliinamisha uso kwa aibu. Akaupakata ule mguu, viganja vyote viwili juu yake.

Shomari alikuwa amegeukia ukutani.

"Mama Siwema," akasema taratibu, "mimi sijakasirika. Nishike basi mguu."