Pumzi ya Bi Mize

Mlango wetu haufunguki asubuhi mpaka kila aliye ndani apulize kwenye kipima pumzi kilichopo ukutani. Nyumba zote ziko hivyo. Mwenye mapafu mabovu hujulikana mapema, na gari la afya huja kumchukua akatibiwe. Wazee wengi hawarudi.

Mama mkwe wangu, Bi Mize, amepika vitumbua kwa mkaa miaka thelathini. Anakohoa hadi vikombe vinatikisika kabatini, lakini kila siku kipima kinamwonyesha kijani. Nimelalamika mara tatu kwamba ni kibovu. Fundi anasema ni kizima.

Leo nilikuwa nimeshapuliza yangu; nilitoka bafuni mapema nikamkuta binti yangu Tunu, wa miaka tisa, akipuliza mara ya pili.

"Hiyo ya nani?"

"Ya Bibi. Yake haifiki."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

Nikamgeukia mama mkwe. "Mama, unataka kufa humu ndani?"

"Humu humu," alijibu, akijifunga khanga. "Wewe ulitaka nikafie wapi?"

"Leo utapuliza mwenyewe."

Alipuliza, akakohoa, akashika ukuta, akapuliza tena. Kipima kiliandika kwamba pumzi haitoshi na limebaki jaribio moja. Alinitazama bila kuniomba chochote.

Nilimshika mkono, nikamsogeza kando ya kipima.

"Tunu," nikasema, "njoo umpulizie bibi yako."

Mlango ulifunguka. Kipima kikampongeza Bi Mize kwa mapafu mazuri, nami nikatoka. Kikohozi chake nilikisikia mpaka getini.