Mlima Uliohamia Bwawani

Paliondokea Kiboko mwenye bwawa chini ya mlima, akijivunia kina chake kuliko wanawe. Mwaka mmoja maji yaliyokuwa yakimfika masikioni yalimfika magotini. Akaongeza ukuta wa bwawa. Masika yakapita, maji yakabaki magotini.

"Kuna mwizi wa maji," akanguruma. "Aletwe."

Pimbi, mkaazi wa miambani, akashuka bila kuitwa. Alikuwa mdogo, lakini woga hakuujua.

"Hujaibiwa kitu, Mzee. Ni mlima wetu uliohamia kwako. Chota hilo tope unalolikanyaga."

Kiboko akachota. Tope lilikuwa jekundu kama udongo wa mlimani, limejaa mizizi ya nyasi.

"Nani hula nyasi za mlimani mpaka zing'oke?" Pimbi akauliza.

Kiboko akatazama pembeni. "Basi niongeze ukuta kiasi gani?"

"Ukuta utakuwekea tope tu. Lirudishe mlimani, panda nyasi kukingama mteremko, na usiziguse mpaka nikuruhusu."

Kiboko akazoa, akapanda. Masika ya pili mto ulioingia bwawani kutoka mlimani ulishuka safi, naye akazama hadi masikioni.

Tangu hapo, njaa ikimshika, Kiboko hutazama kwanza mwambani. Pimbi, bila hata kuinuka, hutikisa kichwa: bado.